Kesi na Mgonjwa: Kumwandaa Mhudumu wa Afya wa Mjambere Dhidi ya Ugaidi wa Viini

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hii ni methali ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri, lakini ni nadra aulizwe swali linaloifuata: kwani mtu huyaficha maradhi kwa nini? Jibu moja nililipata Mjambere, huko Kisauni, mwaka 2020, wakati wa korona. Mhudumu wa afya wa kujitolea, binti wa mtaa uo huo, aliingia uani kwa bibi mmoja jirani yetu. Mkononi alikuwa na fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, naye akiifasiri papo kwa papo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Bibi, katika siku kumi na nne zilizopita, umetangamana na kesi yoyote iliyothibitishwa?"

Bibi alinyamaza, akajifunga leso yake vizuri. "Kesi? Mimi sina kesi na mtu, mwanangu. Tangu nizaliwe sijaingia kotini."

Tuliokuwapo tulicheka. Hata binti mwenyewe alicheka. Hata hivyo, bibi hakucheka, na tangu siku hiyo kila alipomwona binti yule akija na fomu zake, mlango wake ulikuwa umefungwa. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi kila ninaposikia mjadala kuhusu namna ya kuwaandaa wahudumu wa afya kukabiliana na ugaidi wa kibayolojia, yaani kueneza maradhi kwa makusudi ili kuua au kutia watu hofu. Mijadala hiyo huzungumzia maabara, mavazi ya kujikinga na mashine. Ni nadra kumtaja bibi aliyefunga mlango. Makala haya yanadai kwamba maandalizi yasiyoanzia mlangoni pa bibi huyo ni sawa na kujenga nyumba kuanzia paa, na kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna deni katika jambo hili.

Kwanza yafaa tujiulize iwapo tishio lenyewe ni la kweli au ni hofu ya kuazima. Mnamo Septemba na Oktoba 2001, barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa vyombo vya habari na wanasiasa nchini Marekani. Watu 22 waliugua na 5 miongoni mwao wakafariki. Hofu ilivuka bahari. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua iliyofika Nairobi kutoka Marekani ilikuwa na kimeta. Uchunguzi wa baadaye ulibainisha kwamba haikuwa na ugonjwa huo. Kisha Mei 2016 polisi wa Kenya walitangaza kwamba wamewakamata watu waliotuhumiwa kupanga shambulio la kutumia kimeta, na mmoja wa waliotajwa alikuwa daktari aliyekuwa katika mafunzo ya kazini. Hadi leo, basi, nchi yetu imeonja hofu ya ugaidi wa viini bila ya kuonja ugaidi wenyewe.

Hata hivyo, Mkenya hawezi kusema kwamba ugaidi ni hadithi za mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliwaua watu 213 jijini Nairobi na kuwajeruhi maelfu. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise iliyoko Kikambala ililipuliwa, na asubuhi iyo hiyo makombora yakarushwa kuelekea ndege ya abiria iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Bomu lakini lina adabu moja: hujitangaza. Mlio wake husikika, moshi wake huonekana, na kila mtu hujua kwamba msiba umeingia. Viini vya maradhi havina mlio. Aliyevivuta pumzi leo huenda akaenda kazini kesho na keshokutwa, na akaanza kuhisi homa akiwa keshasahau alikopita. Kwa hivyo mtu wa kwanza kukutana na shambulio la aina hii si askari wala mwanajeshi. Ni muuguzi wa zahanati, tena huenda asijue amekutana na nini.

Historia inatufunza hayo kwa mifano iliyo wazi. Huko Oregon, Marekani, mwaka 1984, wafuasi wa kundi moja la kidini walitia viini vya salmonela katika vyakula vya mikahawa ya mji mdogo uitwao The Dalles. Watu 751 waliugua. Wataalamu walichunguza, wakadhani kosa ni la wapishi wasionawa mikono, na ilipita takriban mwaka mzima kabla ya ukweli kufichuka. Mwaka 2001, katika jimbo la Florida, daktari mmoja alitazama kwa darubini maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa wake, akashuku kimeta, ugonjwa ambao madaktari wengi wa nchi yake hawakuwahi kuuona. Shaka yake ndiyo iliyoiamsha nchi nzima. Majuma machache baadaye, karibu na jiji la Washington, mfanyakazi wa posta alikwenda hospitalini akiwa mgonjwa, akarudishwa nyumbani, na siku iliyofuata akafariki kwa kimeta. Maradhi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ni shaka iliyokuwapo kwa mmoja na isiyokuwapo kwa mwingine.

Nasi Waafrika Mashariki tunayo mifano yetu, ingawa haikuwa ya ugaidi. Mwezi wa Oktoba 2000, katika hospitali ya Lacor iliyoko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Daktari Matthew Lukwiya aliitwa kuja kutazama vifo visivyoelezeka, vikiwamo vya wanafunzi wa uuguzi. Alichambua rekodi za wagonjwa, akaviona vifo vinavyofanana, akashuku homa ya kuvuja damu na kuiarifu serikali. Ilikuwa ni Ebola. Watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa akiwahudumia wagonjwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Aliyoyafanya ndiyo hasa ambayo mhudumu anayeandaliwa dhidi ya ugaidi wa viini hutakiwa kuyafanya: kuona mpangilio usio wa kawaida, kuthubutu kushuku na kutoa taarifa mapema. Hakuhitaji kujua kwanza kama ugonjwa umetumwa na mtu au umekuja wenyewe.

Mfano wa pili unatoka Merka, mji wa pwani ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 mpishi wa hospitali ya mji huo, Ali Maow Maalin, alipanda gari moja na wagonjwa wa ndui ili kuwaelekeza njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Baadaye alipata homa, ikadhaniwa kuwa ni malaria. Vipele vilipojitokeza, ikadhaniwa ni tetekuwanga. Yeye mwenyewe hakujitokeza, kwa kuchelea kutengwa, mpaka mwenzake alipotoa taarifa. Watu zaidi ya 50,000 walichanjwa katika muda wa majuma mawili, na ugonjwa ukakomea hapo. Maalin alipona, na ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alijitolea kuhamasisha watu kuhusu chanjo ya polio, akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Kisa cha Maalin kinastahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi, kwa sababu mambo yote tunayoyajadili yamo ndani yake. Mwajiriwa wa hospitali alikuwa hana kinga. Ugonjwa ulipewa majina mawili yasiyo yake kabla ya kupewa lililo lake. Mgonjwa alijificha kwa kuogopa watakavyomfanya. Na leo, kwa kuwa chanjo ya ndui ilikoma kutolewa kwa umma baada ya ugonjwa kutangazwa mwaka 1980 kuwa umetokomezwa, na virusi vyake vimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi, vijana wengi wa Mjambere hawana kinga hiyo. Mwezi wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpoksi nchini Kenya aligunduliwa katika mpaka wa Taveta, na baadaye ugonjwa huo ukafika Mombasa. Muuguzi wa Kisauni aliyekutana na vipele hivyo alijikuta katika swali lile lile la Merka: Je, hii ni tetekuwanga, au ni jambo jingine?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mafunzo ya wahudumu wetu huandikwa kwa Kiingereza, na fomu za taarifa ni za Kiingereza. Mgonjwa naye huumwa kwa Kiswahili, Kigiriama, Kiduruma, Kikamba na lugha nyinginezo. Baina ya hizo mbili amesimama mhudumu akifasiri bila ya kufunzwa kufasiri. Neno "kesi" lililomtisha bibi wa Mjambere halikuwa kosa la binti yule. Lilikuwa tundu katika maandalizi ya nchi nzima. Kila mwaka tunafunza isimu, tafsiri na istilahi katika vyuo vikuu, lakini ni mara ngapi tumekwenda zahanati kuuliza maneno gani yanahitajika?

Katika Kiswahili, maneno hayakosekani. Kimeta tunalo, nalo linajulikana na wafugaji ambao huwaona ng'ombe wao wakifa ghafla. Ndui tunalo, tauni tunalo, kipindupindu tunalo. Pale palipokosekana neno, lilitungwa. Tukumbuke kwamba ugonjwa uliofika Kagera katika miaka ya 1980 ulianza kwa kuitwa Juliana, jina la kitambaa. Jina hilo halikumfunza mtu lolote. Lilipotungwa neno ukimwi kutokana na upungufu wa kinga mwilini, jina lenyewe likawa somo: mtu alilitaja na papo hapo akajua ni nini kinachopungua na wapi. Kwa mintarafu hiyo napendekeza kwamba badala ya "ugaidi wa kibayolojia", istilahi ambayo msikilizaji wa kawaida hawezi kuifumbua, tuseme "ugaidi wa viini". Kiini cha maradhi mtu anakijua. Si lazima pendekezo langu likubaliwe. Lililo lazima ni kwamba mjadala wa namna hii ufanyike, tena ufanyike kabla ya msiba na si baada yake.

Kuna neno lililoharibika mbele ya macho yetu, nalo ni karantini. Kwa maana yake ya asili, karantini ni kuwatenga walioshukiwa kuambukizwa ili wasiwaambukize wengine. Mwezi wa Aprili 2020 baadhi ya watu waliokamatwa kwa kukiuka kafyu nchini walipelekwa karantini, na kuna waliotakiwa kujilipia gharama za kukaa humo. Tangu hapo, kwa watu wengi, karantini ikawa jina jingine la jela. Mwanafunzi wa semantiki ataandika kwamba maana imehama. Muuguzi ataona wagonjwa wakihama. Ikitokea kesho kwamba ni lazima watu watengwe kwa sababu ya tauni au ndui, serikali italitumia neno lipi, na nani atalitii?

Jambo hili lina uzito zaidi Mjambere kuliko mitaa mingi. Kisauni ni eneo ambalo kwa miaka mingi limetazamwa kwa jicho la usalama. Mwezi wa Novemba 2014 polisi walivamia misikiti kadhaa ya Mombasa, ikiwamo ya Kisauni, na vijana wengi wakakamatwa. Kila mtaa una mama anayesimulia habari za mwana aliyetoweka. Katika mazingira kama hayo, ukimfunza mhudumu wa afya "kutambua ugaidi" bila ya kumfafanulia mipaka ya kazi yake, utakuwa umemgeuza kuwa jasusi machoni pa majirani zake. Kijana mwenye kidonda cheusi mkononi, ambacho huenda ni kimeta alichokipata kwa kuchuna mbuzi mgonjwa, hatakwenda zahanati ikiwa anaamini kwamba jina lake litafika kituo cha polisi kabla ya dawa kumfikia. Atakaa nyumbani. Kilio ndicho kitakachomfichua.

Msimamo wangu ni kwamba mhudumu wa afya afunzwe kuripoti ugonjwa, si kuripoti mtu kwa sura, jina au dini yake. Wakosoaji watasema kwamba hilo litawapa wahalifu mwanya. La hasha. Ikiwa wagonjwa watano wa mtaa mmoja wamekuja katika siku mbili na dalili zisizo za msimu, taarifa ya ugonjwa huo inapaswa kumfikia ofisa wa uchunguzi wa maradhi wa kaunti ndogo mara moja, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, tayari inadai taarifa za maradhi ya kuambukiza. Wataalamu wakibaini kwamba kuna mkono wa mtu, hapo polisi wana kazi yao na sheria zao. Uchunguzi wa jinai ukitangulia uchunguzi wa maradhi, tutakosa yote mawili: mgonjwa atakimbia na ushahidi atakimbia nao.

Kuna pia wale watakaosema kwamba ugaidi wa viini ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba zahanati inayokosa glavu haina haja ya kuwaza kimeta cha barua. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na nisingependa kuipuuza. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano, na kabla yao madaktari walikuwa wamegoma kwa siku 100. Mwisho wa mwaka uo huo chikungunya ikalipuka Mombasa. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28 alifariki kwa korona aliyoipata kazini akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Mtu hawezi kumwambia mhudumu ajiandae kufa kwa ajili ya umma ambao haumlipi. Hata hivyo, hoja hii haipingani na maandalizi, bali inatuonyesha yaanzie wapi. Glavu inayomkinga muuguzi dhidi ya Ebola ndiyo inayomkinga dhidi ya kiini kilichotumwa na gaidi. Chumba cha kumtenga mgonjwa wa mpoksi ndicho kitakachofaa kwa ndui. Maabara inayotambua dengi upesi ndiyo itakayosema upesi kwamba hii si dengi. Shilingi moja inafanya kazi mbili.

Kwa muhtasari, mhudumu wa Mjambere aandaliweje? Kwanza, afunzwe dalili za hatari kwa maneno machache ayajuayo: watu wengi kuugua kwa pamoja, maradhi yasiyo ya msimu au yasiyo ya eneo, vijana wenye afya kufa ghafla, na mifugo kufa pamoja na watu. Pili, ajue nambari moja ya kupiga na awe na hakika kwamba itapokewa, hata usiku, hata msongamano ukiwa umelifunga Daraja la Nyali na hospitali kuu iko ng'ambo kisiwani. Tatu, apewe vifaa vya kujikinga na mshahara wake kwa wakati. Nne, afanye mazoezi ya kuigiza mkasa, kwa sababu linalofanywa mara ya kwanza siku ya msiba hufanywa vibaya. Tano, yote hayo yafanyike kwa Kiswahili, pamoja na lugha za mitaa inapohitajika. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Hao ndio jeshi letu la kwanza, na mlangoni pa mtu silaha yao kubwa ni ulimi.

Nasi wanachama wa chama hiki tusikae kando tukisubiri kualikwa. Nina pendekezo moja dogo: kila tawi litafute zahanati moja iliyo karibu na chuo, liombe fomu zake za taarifa za maradhi, lizifasiri, kisha lizisome mbele ya wazee wa mtaa na kuuliza wameelewa nini. Palipo na "kesi" pawe na "mgonjwa". Palipo na neno la kutisha bila sababu litafutwe la kueleza. Mhadhiri wa tafsiri atapata zoezi lililo hai, mwanafunzi wa istilahi atapata data, na muuguzi atapata fomu inayosomeka. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wa kigeni wala idhini ya waziri.

Bibi wa Mjambere yungali hai, naye akiumwa bado hujitibu kwa mwarobaini na kimya. Sidhani kama gaidi yeyote anamjua. Lakini siku ambayo maradhi ya ajabu yataingia Kisauni, yawe yameletwa na mbu, na mbuzi au na mwanadamu mwenye chuki, usalama wa mji mzima wa Mombasa huenda ukategemea kama bibi huyo atamfungulia mlango binti mwenye fomu. Tumpe binti huyo maneno ambayo bibi atayaelewa.